Nani Atamla Nani? Kisa cha Kidato cha Kwanza kilichosoma kama maji bila kuelewa

Kisa hiki ni cha muhula mmoja katika mkondo mmoja wa Kidato cha Kwanza. Wanafunzi nimewapa herufi badala ya majina, na mambo madogomadogo yanayoweza kuitambulisha shule nimeyabadilisha. Naandikia walimu wenzangu wa Kiswahili, hasa wale ambao wamewahi kusahihisha ufahamu usiku wakajiuliza: huyu mtoto aliyesoma vizuri namna ile darasani, ndiye kaandika haya?

Mazingira

Shule ni ya kata, Kanda ya Ziwa, mbali na lami. Mkondo wangu ulikuwa na wanafunzi 74 kwenye daftari la mahudhurio. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, idadi hiyo haimshtui mtu tena chumba cha walimu. Mtu hushtuka akiuliza habari za madawati. Vitabu vya kiada vya Kiswahili vilikuwa 15, kitabu kimoja kwa wanafunzi watano, na kila kikundi kilikuwa na mmoja au wawili wanaosoma maandishi yaliyopinduka kwa sababu wamekaa upande wa pili.

Wengi wao nyumbani wanazungumza Kisukuma. Kwenye daftari zao utakutana na "kurima", "anarara" na "chakura". Mimi nimezaliwa pwani, na nakiri kwamba r na l zilinikera kuliko zilivyostahili. Nitalirudia hili.

Jambo la mwisho la kujua ni kwamba mtihani wa darasa la saba waliotoka kuufanya, kwa sehemu kubwa, ni wa kuchagua herufi ya jibu. Mtoto anaweza kuufaulu vizuri na akafika sekondari hajaandika aya tano za kwake mwenyewe.

Nilivyokuwa nikifundisha

Kama nilivyofundishwa. Kipindi cha ufahamu: fungueni ukurasa fulani, wewe anza, inatosha, endelea wewe. Kila mmoja anasoma aya kwa sauti, mimi narekebisha matamshi. Kisha maswali kumi, wanajibu kwenye daftari. Kipindi cha utungaji: "Siku nisiyoisahau maishani mwangu." Daftari 74 zinakuja na Jumamosi 74, zote za jua kali na ndege wanaoimba.

Nilikuwa nasahihisha kila kosa. Dakika tatu kwa daftari ni dakika 222, karibu saa nne, kwa zoezi moja la mkondo mmoja. Nilikuwa na mikondo miwili.

Katika mfumo huo darasa lilikuwa na nyota wake. T., mvulana wa miaka 14, alisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari: nukta anapumua, mkato anapunguza, sauti haitetereki. Mgeni akija darasani nilimwinua T. Na kulikuwa na M., msichana wa dawati la nyuma, aliyesoma kwa kukwamakwama, r na l zikibadilishana viti, wenzake wakicheka chinichini. Mgeni akija, M. simwinui.

Jumatatu ya Fisi na Sungura

Wiki ya tatu umeme ulikatika, kifungu nilichotaka kurudufu hakikurudufiwa, nikaandika ubaoni kisa cha kutunga papo hapo:

*Fisi alimkuta Sungura njiani amebeba nyama. Alimwomba amgawie kidogo. Alimwambia kwamba nyama ile si yake, ni ya Simba, na akithubutu kuigusa atamla. Aliogopa, akamwacha aende zake. Alipofika kwake alifunga mlango, akacheka mpaka akalala chini.*

T. alikisoma bila kosa hata moja. Nikauliza maswali matano, wajibu kwa maandishi kwenye kipande cha karatasi: Nani aliomba nyama? Nani alisema nyama ni ya Simba? Kwenye neno "atamla", nani atamla nani? Nani aliogopa? Nani alicheka?

Yalikuwa maswali ya kupoteza dakika kumi. Siku ile walikuwepo wanafunzi 68, na waliopata yote matano walikuwa tisa.

Swali la nne ndilo lililonikalisha chini. 27 waliandika Fisi. 24 waliandika Sungura. Waliobaki 17 waliacha wazi au walinakili sentensi nzima: "Aliogopa, akamwacha aende zake." Niliwauliza *nani aliogopa*, wakalitafuta neno "aliogopa" ubaoni kama mtu anayetafuta kuku wake kwa rangi, wakamkamata, wakaniletea. Swali la tatu lilipatikana kwa 13 tu.

T. alipata moja. Kwenye swali la nne aliandika Sungura, na nilipomuuliza alijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, sungura ndiye anaogopaga fisi." Anajua mambo ya porini. Kilichoandikwa ubaoni hakukihitaji.

M. alipata yote.

Nilimwita mapumziko. Alikuja akiwa ameshika mikono nyuma, akidhani kuna kosa. Nikamuuliza amejuaje kwamba aliyesema nyama ni ya Simba ni Sungura, wakati sentensi haimtaji. Akanitazama kama vile nimeuliza kwa nini mvua inashuka. "Mwalimu, si Fisi ameshaomba? Sasa hiyo ni zamu ya mwenzake kusema."

Tatizo lilipokuwa

Kiswahili kinasomeka kwa urahisi unaodanganya. Silabi zake hazina mitego. Ukishaijua ba be bi bo bu na ndugu zake unaweza kutamka ukurasa wowote, hata wa sheria ya kodi. Msisitizo wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) katika madarasa ya chini, kwenye mtaala ulioanza 2015, umewasaidia watoto wengi kufika hapo. Lakini kwa sababu kutamka ni rahisi, mwalimu anayesikiliza hasikii kitu kikivunjika. Mtoto anapita juu ya maana kama anayepita juu ya barafu, na sisi tunampigia makofi.

Mahali maana inapovunjikia, angalau kwa darasa langu, palikuwa padogo sana: ile a- ya mbele ya kitenzi na ile -m- ya ndani. Kwenye ngeli nyingine lugha inatusaidia. Kikombe kikianguka ni *ki-*, jiwe likikiangukia ni *li-*, huwezi kuvichanganya. Lakini watu na wanyama wote ni A-WA. Weka Fisi, Sungura na Simba kwenye aya moja, wote ni *a-*, wote ni *-m-*, na herufi haimwambii mtoto ni yupi. Inambidi abebe hadithi kichwani huku akisoma.

Angalia *Alimwomba amgawie*. Maneno mawili. Kwenye la kwanza a- ni Fisi na -mw- ni Sungura. Kwenye la pili a- ni Sungura na -m- ni Fisi. Wamebadilishana nafasi ndani ya pumzi moja. Miaka yote nilikuwa nafundisha viambishi awali vya nafsi kwenye mada ya sarufi, wakavitaja kwa mpangilio, wakapata alama, na sikuwahi hata siku moja kuvipeleka kwenye kipindi cha ufahamu.

Niliyoamua, na kwa nini

Kwanza, nilisitisha kusoma kwa zamu kwa sauti kwa wiki nane. Sababu haikuwa kwamba ni kubaya. Kulikuwa kunanipa taarifa za uongo, na kulikuwa kunamfundisha M. kwamba yeye si msomaji.

Pili, mishale. Kitabu cha shule hakichorwi, kwa hiyo nilitunga vifungu vifupi vya mistari mitano hadi saba, nikavirudufu viwili kwa karatasi, nikakata katikati, kipande kimoja kwa wanafunzi wawili. Wanapigia mstari kila a- na kila -m- ya mtu, kisha wanachora mshale kwa penseli mpaka kwa jina lenyewe. Siku ya kwanza tulifanya pamoja ubaoni, chaki nyeupe kwa mtenda, chaki ya rangi kwa mtendwa. Tulipofika kwenye *amgawie* na mshale mweupe ukaenda kwa Sungura, mvulana mmoja wa nyuma alisema kwa sauti kubwa, "Kumbe inahama!" Tangu siku hiyo darasani kwetu a- iliitwa "inayohama". Kwenye *atamla* tulikaa dakika kumi na mbili nzima, na nusu ya darasa walikuwa wamesimama, wakigombana ubaoni kuhusu Simba. Sikuwahi kuona ugomvi wa aina hiyo juu ya kiambishi.

Tatu, insha. Niliachana na siku isiyosahaulika. Kila Alhamisi, kwenye vipindi viwili vya pamoja, waliandika sentensi nane kuhusu watu wawili wanaogombania kitu kimoja. Basi. Kisha wanabadilishana, na mwenzako anachora mishale kwenye kazi yako. Mshale ukikosa pa kwenda, anaweka alama ya kuuliza. Haruhusiwi kusahihisha kitu kingine chochote. Mwandishi anarekebisha penye alama za kuuliza tu.

Nne, kalamu yangu nyekundu nayo ilifungwa kamba. Nilisahihisha mishale, nikaziacha r na l. Saa nne zikawa saa moja na dakika chache.

Yaliyofuata, pamoja na yaliyoharibika

Kosa kubwa lilikuwa langu na lilitokea Alhamisi ya kwanza kabisa. Niliposema "ugomvi wa watu wawili" sikuweka mpaka. Msichana mmoja aliandika ugomvi wa baba yake na mama yake wa kambo, kwa ukweli wote, halafu nikaichukua karatasi ile nikampa jirani yake achore mishale. Kufika jioni hadithi ilikuwa imezunguka bweni na kijiji. Hakuja shule siku mbili. Nilikwenda kwao na mwalimu wa malezi, nikaomba radhi kwa mama, nikaomba radhi kwa mtoto. Alirudi, lakini kwa wiki kadhaa aliandika sentensi nane zisizosema kitu, na sina wa kumlaumu ila mimi. Kuanzia wiki iliyofuata kanuni ikawa: wanyama, au watu wa kubuni, na karatasi haisomwi na mwenzako mpaka wewe mwenyewe useme imekaa sawa.

Uharibifu wa pili ulinichekesha. Kufika wiki ya tano wanafunzi walikuwa wamegundua njia ya kuzikwepa alama za kuuliza: kutaja majina kila mahali. "Fisi alimwambia Sungura. Sungura alimjibu Fisi. Fisi alimkasirikia Sungura. Sungura alimcheka Fisi." Hakuna mshale uliopotea, na hakuna binadamu anayeongea hivyo. Nilikuwa nimewaponya ugonjwa mmoja nikawapa mwingine.

Nikarudi kwa M. Nilitoa daftari lake la mwanzo wa muhula nikasoma insha yake ya kwanza, ile ambayo nilikuwa nimeipa alama 9 kwa 20. Kulikuwa na sentensi hizi: "Kaka alikuwa anarara. Mama akamwita. Naye akasema anakuja ila hakuja. Mama akamfuata, naye akapanda mwembe." Neno "anarara" nimelizungushia duara. Na neno "Naye" nimelikata kwa wino mwekundu, pembeni nikaandika: *Usianze sentensi hivi.*

Nilikaa na daftari lile muda mrefu. "Naye" ndilo neno linalosema zamu imehama. Mama ameita, *naye*, yaani yule mwingine, akasema. Kila bibi anayesimulia hadithi jioni analitumia, na msikilizaji hapotei hata kama kuna giza na wahusika watano. Mtoto alikuja nalo shuleni, amelitumia sawasawa, mahali pake, na mimi nikalikata kwa sababu sijui nani aliniambia sentensi haianzi hivyo.

Tulifanya kipindi kizima cha "naye". Niliandika sentensi za M. ubaoni, kwa idhini yake, pamoja na masahihisho yangu, nikaliambia darasa kwamba aliyekosea hapo ni mwalimu. Kisha tukakusanya vifaa vingine ambavyo lugha inatupa tusitaje majina ovyo: *mwenzake*, *huyu* na *yule*, *aliyeombwa*, *mwenye nyama*, hata kugeuza kitenzi kikawa cha kutendwa: "akaambiwa". Kanuni tuliyoiandika juu ya ubao, nayo ilitungwa na wao nikainyoosha kidogo tu: *Zamu ikibaki kwa yuleyule, usimtaje tena, ikihama, tuonyeshe.*

T. alichukua muda. Hakuwa mkaidi, alikuwa amenyang'anywa kiti chake, na nilichelewa kuona hilo. Wiki mbili alichora mishale kwa uzembe, yote kuelekea jina la karibu. Nilichofanya ni kumpa kazi ya sauti yake: kila Jumatano asome kifungu mara mbili, mara ya kwanza kama kawaida, mara ya pili kila "a-" inayohama abadilishe sauti, Fisi nene, Sungura nyembamba. Hapo hakuna kudanganya. Ukikosea mhusika, sauti inakuumbua mbele ya watu 73. Siku ya kwanza alikwama mara tatu, akarudi nyuma *mwenyewe*, kimya, macho yakikimbia ubaoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona T. akisoma.

Kulikuwa pia na mgeni kutoka wilayani aliyefungua daftari sita akakuta "kurima" na "chakura" zimeachwa bila duara. Alikuwa na haki ya kuuliza, nami nilimjibu vibaya, kwa kujitetea. Baadaye, kwa ushauri wa mwalimu wa taaluma, nilitenga dakika kumi na tano za kila Ijumaa kwa imla ya r na l peke yake. Ilipaswa iwepo tangu mwanzo. Kuziacha r na l kwenye insha ilikuwa sawa. Kutokuwa na mahali pengine pa kuzifundisha ndiko kulikokuwa kosa.

Matokeo

Wiki ya kumi na moja nilitoa kifungu kipya: wavuvi wawili na mwenye mtumbwi, wote wanaume, majina matatu, maswali matano ya mtindo uleule. Walikuwepo 70. Waliopata yote walikuwa 38. Swali lililofanana na lile la "atamla" lilipatikana kwa 49. Hakuna aliyenakili sentensi nzima kwenye swali la "nani".

Namba hizi zichukuliwe kwa uangalifu. Kifungu nilikitunga mimi, maswali ni yangu, na wiki nane walikuwa wakifanya hichohicho; mtoto anayefanya mazoezi ya kukimbia atakimbia. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha pembeni. Kwenye kitabu cha kiada, kifungu ambacho sikukigusa, wanafunzi walianza kusimama na kuuliza, "Mwalimu, hapa 'alimkabidhi', nani kamkabidhi nani?" Mara mbili jibu lilikuwa kwamba hata mwandishi hakueleweka. Waliifurahia sana hiyo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi kuliko nilivyotarajia ni udogo wa jambo. Nisingeweza kufundisha "uelewa" kwa watoto 74. Ila a- na -m- zinaonekana kwa macho, zinapigiwa mstari, na wawili wanaweza kuzigombania kwa ushahidi.

Kusoma na kuandika kulisaidiana kwa sababu alama ilikuwa ileile pande zote mbili. Aliyekwama kwenye a- ya mwenzake Alhamisi aliiogopa a- yake mwenyewe wiki iliyofuata. Hili la mwanafunzi kuweka alama ya kuuliza peke yake, bila ruhusa ya kusahihisha, lilipunguza pia matusi. Hakuna nafasi ya kuandika "hujui kuandika" kwenye alama ya kuuliza.

Kilichoshindwa kabisa ni ufupisho. Nilidhani anayejua nani kafanya nini ataweza kufupisha. Haikuwa hivyo. Waliendelea kuchukua sentensi ya kwanza ya kila aya na kuiunganisha na ya aya inayofuata. Kufupisha kunadai kuamua lipi ni kubwa na lipi ni dogo, na mshale hausemi hilo. Kwa kuwa ufupisho unawasubiri Kidato cha Nne, sina budi kuutafutia njia yake.

Mwalimu mwenzangu wa Kiingereza alijaribu mishale kwenye somo lake, maana wanafunzi wetu huchanganya "he" na "she" kwa kuwa a- yetu haina mume wala mke. Aliniambia ilimsaidia kwa vifungu vifupi, ila vya ukurasa mzima viligeuka utando wa buibui. Hata kwangu ilikuwa hivyo: kuzidi mistari minane, karatasi inachafuka na mtoto anaanza kuchora kwa ajili ya kuchora. Kwa vifungu virefu chagueni sentensi tatu zenye utata, mziache nyingine.

Mwaka huu nimeanza na Fisi na Sungura wiki ya kwanza, kabla sijamwinua mtu yeyote asome kwa sauti. Kifungu kile sijakibadilisha hata neno, isipokuwa mwanafunzi mmoja wa mkondo mpya ameshaniomba niongeze "naye" kabla ya "alimwambia", akidai hapo mwandishi amezembea. Nimemwambia aje aandike mwenyewe ubaoni.